Mwanafunzi wa Kiswahili na Mtihani wa GRE: Kuimarisha Alama za Lugha na Kuratibu Muda

Utangulizi

Mtoto anayelelewa Tulia, Kaunti ya Kitui, hupata Kikamba nyumbani kabla ya kukabiliana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa hivyo, mtoto huyo anapokuja kuhitimu shahada ya Kiswahili, Kiingereza huwa ni lugha yake ya tatu. Hata hivyo, akitaka kusomea uzamifu katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, ni katika lugha hiyo ya tatu anamopimwa kupitia mtihani wa GRE.

Wengi hukata tamaa mapema kwa dhana kwamba mtihani huu ni wa waliokariri kamusi nzima ya Kiingereza. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba sehemu ya lugha ya GRE hupima zaidi uwezo wa kufuata mantiki ya matini, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili amekwisha kufunzwa sehemu kubwa ya stadi hiyo. Kinachompungukia mara nyingi ni mazoea ya kuitumia kwa kasi.

Muundo wa Sehemu ya Lugha

GRE huandaliwa na shirika la ETS la Marekani. Tangu Septemba 2023, mtihani mzima huchukua muda wa saa moja na dakika 58. Sehemu ya lugha ina vipande viwili: cha kwanza kina maswali 12 ya kujibiwa kwa dakika 18, na cha pili maswali 15 kwa dakika 23. Alama huanzia 130 hadi 170. Ugumu wa kipande cha pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyofanya katika cha kwanza.

Maswali yenyewe ni ya aina tatu. Takribani nusu ni ya ufahamu. Mengine ni ya kujaza mapengo katika sentensi au aya fupi, na ya mwisho humtaka mtahiniwa kuteua maneno mawili kati ya sita, ambayo kila moja likitiwa katika pengo lile lile huzaa sentensi zenye maana moja.

Ni muhimu kutaja hapa suala la vitabu vikuukuu. Maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno yaliondolewa mwezi Agosti 2011, ilhali vitabu vinavyoyafundisha bado hupita mikononi mwa wanafunzi. Anayejiandaa kwa vitabu hivyo hukariri maelfu ya maneno kwa ajili ya maswali ambayo hayatahiniwi tena.

Mantiki Kabla ya Msamiati

Tuchukue mfano katika Kiswahili: “Ijapokuwa jirani huyo alijulikana kote sokoni kwa ______ wake, siku ya harambee alitoa fahali wawili.” Majibu yawe ukarimu, ubahili, ucheshi, ujasiri na unyenyekevu. Msomaji mwenye pupa huona fahali wawili, akachagua ukarimu. Msomaji makini huanza na kiunganishi. “Ijapokuwa” hudai ukinzani baina ya vishazi viwili, kwa hivyo jibu ni ubahili. Maneno yote matano yanafahamika. Kinachowatenga watahiniwa ni sarufi ya uhusiano wa vishazi, somo ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili amelidurusu.

Mbinu inayofaa, basi, ni kuyafunika majibu kwanza, kutambua kiunganishi au kidokezo kingine, kubuni neno lako mwenyewe, hata liwe la Kiswahili au la Kikamba, kisha kutafuta linalolingana nalo. Katika maswali ya maneno mawili, tahadhari inahitajika zaidi. Huenda pakawa na jozi ya visawe isiyoafiki muktadha, na pia neno linaloafiki muktadha lakini lisilo na mwenzake. Aidha, swali lenye mapengo mawili au matatu halina alama nusu: pengo moja likikosewa, swali zima limekosewa.

Hii haina maana kwamba msamiati haufai kusomwa. Mofolojia hurahisisha kazi hiyo. Anayejua kwamba mzizi -pend- umo katika pendo, mpenzi na pendeza hashangai kuona kwamba katika maneno mengi ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini, bene- hubeba maana ya wema, mal- ubaya, na vol- kutaka. Neno lililochanganuliwa hivyo na kuandikwa pamoja na sentensi lilimopatikana hukaa akilini kuliko neno lililokaririwa pweke.

Mtego wa Mwanafasihi

Upo udhaifu mmoja unaotokana na nguvu za mwanafunzi wa fasihi. Yeye amezoezwa kufasiri, kusoma yaliyofichika na kuhusisha matini na jamii. Katika maswali ya ufahamu ya GRE, tabia hiyo inaweza kumponza. Jibu linaweza kuwa kweli duniani na bado likawa kosa, iwapo kifungu hakikulisema wala kulidokeza. Kila jibu halina budi kuungwa mkono na maneno yaliyo katika kifungu. Hali kadhalika, majibu yenye maneno ya kukata kauli kama vile “daima” na “kamwe” yachunguzwe kwa makini.

Isitoshe, vifungu hutoka katika taaluma mbalimbali: baiolojia, uchumi, historia na sanaa. Aliyezoea riwaya na tamthilia pekee anahitaji kusoma makala za sayansi kila siku, akijiuliza baada ya kila aya: mwandishi anadai nini, na aya hii ina kazi gani katika dai hilo? Hiyo ndiyo stadi ya ufupisho.

Kuratibu Muda

Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE humpa mtahiniwa saa mbili na nusu kwa alama 80, yaani karibu dakika mbili kwa kila alama. GRE humpa dakika moja na nusu tu kwa kila swali, pamoja na kusoma kifungu. Haraka haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtihani huu unadai hekima ya methali zote mbili.

Kwanza, maswali ya mapengo yatengewe takribani dakika moja kila moja, ili dakika zinazookolewa ziende kwenye ufahamu. Pili, saa iangaliwe katikati tu: dakika 9 zikiisha, maswali 6 yawe yamejibiwa. Tatu, maswali yote ya kipande yana uzito sawa, kwa hivyo swali linalokula dakika tatu linaiba alama za mengine. Litiwe alama na kurudiwa baadaye, maadamu kipande hakijafungwa. Nne, jibu baya halipunguzi alama, kwa hivyo pasiachwe swali tupu.

Mazoezi nayo yapimwe kwa saa. Daftari la makosa lenye safu tatu, yaani neno, mantiki na muda, humwonyesha mwanafunzi anakoanguka. ETS hutoa majaribio ya bure ya kompyuta. Yasitumiwe yote mwanzoni. Aidha, ingawa mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, hudai chumba cha faragha na intaneti isiyokatika. Ambaye mtandao wa kwao ni wa kubahatisha ni heri asafiri hadi kituo cha Nairobi na kulala huko usiku wa kuamkia mtihani.

Hitimisho

Idara nyingi zimeacha kudai GRE katika miaka ya hivi karibuni. Kwa hivyo, mwombaji athibitishe masharti ya idara yake kabla ya kulipa ada inayozidi dola 200. Pale ambapo inadaiwa, asijione mgeni. Aliyechanganua sentensi changamano kwa miaka mingi ana silaha anayoihitaji. Kilichobaki ni kujizoeza kuichomoa kwa dakika moja na nusu.