Mwenza Akidakia Dau, Hesabu Turufu

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa msomaji wa Namtumbo anayecheza briji kwenye simu na wenzake wa Songea: "Mpinzani kafungua kwa uru 1, mwenza wangu kadakia kwa shupaza 1, mimi nina alama 6 tu. Si busara nipite?" Hapana, si busara. Na kwa kuwa jibu hili nimelitoa mara nyingi bila kusikilizwa, leo tuing'oe imani yenyewe: eti mwenye alama chache anyamaze, na mwenye alama nyingi ndiye aruke.

Mzizi wake ni wahedusitini, mchezo uliowalea wengi wetu. Kule ree ni 11, seti 10, kingi 4, jeki 3 na kwini 2. Zote pamoja ni 120, na upande unaofikisha 61 umeshinda. Alama zimo ndani ya karata, kwa hiyo asiye na karata nene hujiona hana la kusema. Kwenye briji alama tunazohesabu, ree 4, kingi 3, kwini 2 na jeki 1, ni makisio tu ya nguvu. Mchezo ukiisha hakuna anayezitazama. Kinachohesabiwa ni mizunguko mliyokula kati ya 13, na mzunguko wa magarasa matupu ni sawasawa na mzunguko uliojaa wakubwa. Tena mcheza karata yeyote anajua kuwa garasa la turufu hula ree ya kopa. Kwa nini basi mnalisahau hilo mara tu mnapoanza kunadi?

Tazama karata za msomaji huyu. Shupaza: kingi, 9, 6, 3. Kopa: 8, 5. Uru: 7 peke yake. Pau: kwini, jeki, 8, 6, 4, 2. Alama ni 6 kweli. Lakini mwenza aliyedakia ana shupaza 5 au zaidi. Jumlisha na hizi 4: mnazo angalau 9 kati ya 13. Uru ikichezwa mara ya pili, unaikata kwa turufu ndogo. Tamko ni shupaza 3, papo hapo.

Najua kitakachofuata: "Kuruka si kunaonyesha nguvu?" Mwenza akishadakia, kuruka kunaonyesha turufu nyingi na alama chache. Mfaransa Jean-René Vernes alilieleza hili miaka ya 1960, na Mmarekani Larry Cohen akalieneza kwa kitabu chake cha 1992: idadi ya mizunguko ambayo pande mbili zinaweza kula, kila mmoja kwa turufu yake bora, hukaribiana na jumla ya turufu zao. Ni makadirio, lakini mezani yanatosha: mkiwa na turufu 9, pandeni hadi mizunguko 9, yaani dau la 3.

Mkianguka je? Mkipungukiwa mizunguko 2 nanyi hamko hatarini, mnalipa 100. Mkipigwa dabo, 300. Wapinzani wakiachiwa nafasi wakafika kopa 4 na kuitimiza, wanaandikiwa 420. Anayepita kwa busara amewafungulia mlango wapatane kwa raha zao.

Sasa machaguo, kwa ufupi. Turufu 3 na alama 6 hadi 9: panda hatua moja. Turufu 4 na alama chache: ruka hadi 3. Turufu 5 na aina moja uliyopungukiwa sana: nenda 4 moja kwa moja. Turufu 3 au zaidi na alama 10 kupanda: taja aina ileile aliyofungua mpinzani, hapa uru 2; hilo ndilo tamko la nguvu. Turufu 2, alama 9 hadi 11 na kizuizi kwenye uru: bila turufu 1. Huna turufu wala alama: hapo ndipo unapopita.

Kubalianeni na mwenza kuhusu haya kabla ya karata kugawiwa, si katikati ya mnada. Na mpinzani akiuliza kuruka kwenu kuna maana gani, mwelezeni waziwazi: kanuni za briji haziruhusu mapatano ya siri.