Ndege Aliyejeruhiwa ni Shahidi

Askari akaaye lindo usiku hujifunza upesi kupambanua kila sauti na kila kivuli. Katika rasi ya Afungi, karibu na mji wa Palma, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kivuli kinachopita juu ya uzio chaweza kuwa cha ndege. Pwani hiyo ni ya mikoko na matope yanayoachwa wazi na maji yakupwapo. Majira ya baridi yanapoingia kaskazini mwa dunia, sululu na ndege wengine wa safari ndefu huja kujilisha katika fukwe za Afrika Mashariki, kisha hurejea makwao kutaga. Katika rasi hiyo hiyo limetengwa eneo la takribani hekta 7,000 kwa ajili ya mradi wa gesi asilia, pamoja na nyua, taa, nguzo na barabara zake.

Historia ya karibuni ya Afungi ni ya uchungu. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wengi wakauawa, na maelfu wakakimbilia katika rasi hiyo kutafuta usalama. Mwezi Julai mwaka huo askari na polisi wa Rwanda waliwasili kushirikiana na majeshi ya Msumbiji, na Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ikapeleka kikosi chake, ambacho kilimaliza kazi mwaka 2024. Mahali ambapo damu ya binadamu imemwagika, mtu ana haki ya kuuliza: ndege mwenye bawa lililovunjika ana nafasi gani katika mazungumzo ya ulinzi?

Swali hilo linastahili jibu lililo wazi. Hospitali ya ndege si anasa ya wenye mali, wala si mchezo wa wapenda wanyama. Ni mahali ambapo huonekana mapema kitu kinachoua porini, angani na majini, kabla madhara yake hayajawafikia watu na mifugo. Na mlango wa kwanza wa hospitali hiyo haupo mjini. Upo kwa yule amwokotaye ndege, ambaye mara nyingi ni askari wa doria, polisi wa barabarani au mlinzi wa lango.

Hospitali zinazotibu ndege ni za tangu zamani katika nchi za Ghuba, ambako kozi wa kuwindia huthaminiwa sana. Hospitali ya kozi ya Dubai ilianzishwa mwaka 1983, na ile ya Abu Dhabi ikafunguliwa mwaka 1999, nayo hupokea maelfu ya kozi kila mwaka. Tangu mwaka 2002 Falme za Kiarabu zimekuwa zikitoa pasipoti kwa kozi wanaovuka mipaka, ili ndege halali atofautishwe na aliyeibwa porini. Karibu zaidi na Msumbiji, nchini Kenya, shirika liitwalo Kenya Bird of Prey Trust lina vituo Naivasha na Soysambu, ambako tai, tumbusi, mwewe na bundi walioumia hutibiwa kwa nia moja: warudi porini wakijitegemea.

Uendeshaji wa vituo vya namna hii hautakuwa mgeni kwa yeyote aliyepata kuhudumu katika kikosi cha tiba vitani. Mgonjwa anapofika huandikwa kwanza: ameokotwa wapi, lini, na nani, na katika hali gani. Hupimwa uzito, kwa kuwa uzito wa ndege hueleza mengi kuliko sura yake. Manyoya huficha kukonda, na ndege wa porini huficha ugonjwa, maana mnyonge ndiye anayeandamwa kwanza na adui. Ndege anayekubali kukamatwa kwa mkono, basi, aghalabu ameugua muda mrefu na yu karibu kufa. Kwa sababu hiyo daktari mwenye ujuzi hakimbilii kufunga bawa lililovunjika. Huanza kwa kumpa mgonjwa joto, giza, utulivu na maji mwilini. Mfupa unaweza kusubiri hadi kesho, mshtuko hausubiri.

Baada ya hapo mgonjwa mgeni hutengwa. Ndege huweza kubeba mafua ya ndege, homa ya kasuku ambayo humpata pia binadamu, na kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Mhudumu hunawa mikono, hubadili viatu, na vyombo vya wagonjwa wapya havichanganywi na vya wale wa zamani. Kituo kisichokuwa na nidhamu hiyo hugeuka kuwa kiwanda cha maradhi, na nia njema ya wenyewe haitakiokoa.

Matibabu yenyewe ni ya ustadi. Mifupa mingi ya ndege ni myembamba na yenye uwazi ndani, na mfupa wa juu wa bawa umeungana na mifuko ya hewa ambayo ndege huitumia kupumulia. Maji yakiingia katika jeraha la mfupa huo, huweza kufika katika njia ya hewa na kumwua mgonjwa. Lakini mfupa uliopangwa vizuri huunga upesi, mara nyingi kwa muda wa wiki tatu hivi. Manyoya ya mabawa yakikatika, huweza kuunganishwa na manyoya ya ndege mwingine wa jamii ile ile kwa kijiti chembamba na gundi. Ufundi huo wafugaji wa kozi waliujua karne nyingi kabla ya kujengwa hospitali hizi.

Ipo pia kazi isiyopendeza, ambayo hapana budi itajwe. Ndege aliyevunjika kwenye kiungo cha bawa, au aliyepofuka macho yote mawili, pengine hatawinda tena maishani. Kumweka kizimbani miaka mingi akiwa na maumivu si huruma, na daktari mwaminifu humpa kifo cha upole. Kipimo cha kituo ni wangapi wamerudi angani, si wangapi wamejaa katika vizimba. Ndiyo maana kabla ya kuachiliwa mgonjwa huhamishiwa katika banda refu, akarushwa kila siku hadi misuli ipate nguvu. Makinda hulishwa bila kuonyeshwa uso wa mtu, kwa sababu kinda likimdhania binadamu kuwa mzazi wake halitamwogopa tena, na ndege asiyemwogopa binadamu hadumu.

Hata hivyo, manufaa makubwa ya hospitali ya ndege ni habari anazoleta kila mgonjwa. Kila ndege aliyeumia ni shahidi. Tai aliyeungua miguu na mabawa huonyesha nguzo ya umeme ambayo nyaya zake zimekaribiana mno. Nguzo hiyo ikirekebishwa, ndege wengi huokoka, na umeme wenyewe hukatika mara chache. Tumbusi aliyelegea asiyeweza kusimama huenda amekula mzoga uliopigwa kwa bunduki. Vipande vidogo vya risasi vilivyobaki nyamani huyeyuka tumboni mwake na kuingia katika damu. Nyama ile ile yaweza kuwa imekwisha fika sokoni, na walaji wake ni watu.

Shahidi mkubwa kuliko wote ni tumbusi aliyelishwa sumu. Ndege huyu huona mzoga kutoka mbali sana, na kundi lake likizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Majangili wanalijua jambo hilo, na kwa hiyo wapo wanaotia sumu katika mizoga kwa makusudi, ili macho hayo ya angani yafumbwe. Mwezi Februari 2018, kusini mwa Msumbiji, tumbusi zaidi ya 80 walikutwa wamekufa kando ya mzoga wa tembo uliotiwa sumu. Mwezi Juni 2019, nchini Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo watatu. Tumbusi wa aina hizo hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Hasara ya siku moja, basi, hailipwi kwa kizazi kimoja. Tangu mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika zimeorodheshwa miongoni mwa viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Wale wanaodhani kwamba kutoweka kwa tumbusi hakumdhuru mtu wakumbuke yaliyotokea India. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa nchi hiyo walikufa kwa mamilioni bila sababu kujulikana. Ni uchunguzi wa ndege waliokufa, uliofanywa nchini Pakistan na kutangazwa mwaka 2004, uliofichua kwamba dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iitwayo diklofenaki, ilikuwa ikiharibu figo za tumbusi walao mizoga yao. India iliipiga marufuku kwa matumizi ya mifugo mwaka 2006. Lakini kwa wakati huo mizoga ilikuwa imekwisha rundikana, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikaongezeka pamoja nao. Ndege walikuwa wametoa onyo, walichelewa kusikilizwa.

Je, askari wa Afungi, au wa kituo kingine chochote, afanye nini akimkuta ndege aliyeumia? La kwanza ni kutofanya haraka. Kinda lenye manyoya, linalorukaruka chini huku wazazi wakilia karibu, halikupotea, liachwe. Ndege aliyejeruhiwa kweli afunikwe kwa kitambaa, kwa kuwa giza humtuliza. Tai na bundi hujitetea kwa makucha, korongo hulenga macho kwa mdomo. Kila mmoja ashikwe kwa kadiri ya silaha yake. Kifua kisibanwe kamwe, maana ndege hupumua kwa kupanua kifua, na akibanwa hukata roho mikononi mwa mwokozi wake. Awekwe katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali pakavu na penye utulivu, mbali na kuku wa kambi. Asimiminiwe maji mdomoni, kwani tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na maji hayo humzamisha. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo aliye karibu au kwa maofisa wa wanyamapori.

La pili ni la kipolisi zaidi. Ndege wengi wakikutwa wamekufa mahali pamoja, hapo pana dalili ya uhalifu au ya maradhi, na pote pawili pana hatari. Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, wala isiachwe iliwe na mbwa au watu. Mahali palindwe, saa na jina la mahali viandikwe, picha zipigwe, na taarifa itolewe siku ile ile, kwa sababu jua la pwani hufuta ushahidi wa sumu upesi. Mgonjwa aliye hai naye ni kielelezo: daktari anayetoa sumu mfukoni mwa chakula chake huweza kuihifadhi kwa ajili ya mahakama. Nchini Msumbiji sheria ya hifadhi ya mwaka 2014, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, imeweka kifungo kinachoweza kufika miaka 16 kwa wanaoua wanyama waliolindwa. Lakini sheria kali bila kielelezo ni bunduki isiyo na risasi.

La tatu linahusu imani. Katika vijiji vingi bundi huuawa kwa kudhaniwa kuwa analeta kifo, na pengine mlinzi huombwa ampige kwa kuwa amelia juu ya paa la mtu. Bundi hula panya, na panya hula nafaka ya mkulima. Askari anayemwacha bundi huyo ahai hajavunja mila ya mtu, amelinda ghala.

Haitawezekana kujenga hospitali ya ndege katika kila wilaya, na wala haihitajiki. Bawa likitibiwa na nguzo ile ile ikaachwa, au tumbusi mmoja akioshwa sumu na mwuzaji wa sumu asiguswe, hiyo ni kutwanga maji kinuni. Kinachohitajika ni mnyororo usiokatika: jicho la anayeona, boksi na kitambaa, daktari anayejua, daftari lililoandikwa vema, na mamlaka inayochukua hatua juu ya yaliyoandikwa. Kiungo cha kwanza cha mnyororo huo hakinunuliwi kwa fedha za kigeni. Ni uangalifu wa mlinzi aliyezoea kutazama.

Wananchi wa Palma na vijiji vya Afungi wanataka kwanza amani, wavue, walime na wasome bila hofu, na hakuna ndege anayeweza kutangulizwa mbele ya haja hiyo. Lakini amani inayotafutwa ni ya nchi nzima, pamoja na mikoko yake, samaki wake na mbingu yake. Mlinzi anayeinama kumwokota ndege na kuuliza ni nini kilichomwangusha hajaliacha lindo lake. Yuko kazini.