Ujirani wa Siku 14: Desturi za Watu wa Botini Jijini London

Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuona jirani anayeng'oa vigingi kila baada ya wiki mbili na kuhama na nyumba yake. Majirani wa namna hiyo wapo London kwa maelfu. Wanaishi ndani ya boti kwenye mifereji inayokatiza jiji, nyuma ya maghala, chini ya madaraja ya reli na pembeni mwa bustani za matajiri. Kwao ujirani hauachiwi miaka iulete polepole. Ni kazi ya jioni ya kwanza, kwa kuwa usalama wa usiku huo unautegemea.

Boti zao ni za chuma, nyembamba na ndefu. Upana wa iliyo ya kawaida haufiki hata mita 2.2, ilhali urefu unaweza kufika mita 22. Umbo hilo lilitokana na loki za mifereji ya bara ya Uingereza, iliyochimbwa kuanzia karne ya 18 kwa ajili ya makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Loki ni kizimba cha maji chenye milango mbele na nyuma: boti huingia, milango ikafungwa, maji yakaongezwa au kupunguzwa, nayo ikapanda au kushuka hadi usawa wa mfereji unaofuata.

Reli ilipoanza kuwapokonya wachukuzi mizigo, mapato yao yalishuka. Wengi wakaacha nyumba za nchi kavu, wakahamishia wake na watoto kwenye kibanda cha nyuma ya boti, chenye urefu wa mita 3 hivi. Baba au mama alishika usukani, mtoto akaongoza farasi wa kuivuta boti ukingoni. Sheria za mwaka 1877 na 1884 zilitaka boti hizo ziandikishwe kama makazi, na kuweka kikomo cha watu wa kulala ndani. Maisha hayo ya kubanana ndiyo yaliyokuza desturi ya kupamba milango, makabati na hata ndoo za maji kwa michoro ya mawaridi na makasri. Mkataba wa mwisho wa kawaida wa uchukuzi wa masafa marefu kwa boti nyembamba, wa kupeleka makaa ya mawe kwenye kiwanda cha jamu huko Southall, magharibi mwa London, ulikoma mwaka 1970.

Wanaoishi botini leo hawabebi shehena. Wapo waliokimbia kodi za nyumba, wapo wastaafu, mafundi, wauguzi, wasanii na vijana waliooana juzi. Hawana undugu na familia zile za zamani, lakini wamerithi njia zao, maneno yao na sehemu kubwa ya adabu zao.

Sheria ndiyo inayowahamisha. Sheria ya Bunge ya mwaka 1995 humtaka mwenye boti awe na maegesho yake ya kudumu, au la awe msafiri wa kweli, asiyekaa mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14 bila sababu ya msingi. Maegesho ya kudumu jijini ni haba na ghali, kwa hiyo wengi huchagua kusafiri. Canal & River Trust, shirika la hisani lililokabidhiwa mifereji ya England na Wales mwaka 2012, huwatuma watu wake wapite ukingoni wakiandika namba za boti na mahali zilipo. Basi kila wiki ya pili familia huketi na ramani. Shule ya mtoto iko umbali gani? Bomba la maji liko wapi, na kituo cha kumwagia choo? Kituo cha treni je? Na huko tuendako, usiku pana amani?

Anayeingia jijini kutoka kaskazini-magharibi kwa kawaida hukunja Bull's Bridge, ambako tawi la Paddington huachana na mfereji mkuu wa Grand Union. Tawi hilo, lililofunguliwa mwaka 1801, lina kilomita 22 hivi na halina loki hata moja. Mgeni hulifurahia kwa hilo. Mwenyeji hulipima kwa jambo jingine: vipande virefu vya kuta na migongo ya maghala, ambako hakuna dirisha linalotazama maji. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, na ukizipita boti zilizoegeshwa unapunguza hadi maji yasitikisike. Kwa hiyo mwenye uzoefu hung'oa vigingi asubuhi na mapema, ili afike Little Venice jua likiwa bado juu.

Anajua pia kwamba mfereji wa jiji haukosi takataka. Mfuko wa plastiki, koti kuukuu au kipande cha waya kikijisokota kwenye rafadha, boti husimama hapo hapo, pawe pazuri au pabaya. Desturi ni kuzima injini, kuchomoa ufunguo na kuutia mfukoni, ndipo mtu afunue kifuniko cha nyuma na kuingiza mkono na kisu majini. Aliyechelewa kuondoka huifanya kazi hiyo gizani, mahali ambapo asingependa kusimama.

Kutoka Little Venice, mfereji wa Regent's, uliokamilika mwaka 1820, hulizunguka jiji upande wa kaskazini kwa takriban kilomita 14 hadi Limehouse. Hupita kando ya bustani ya wanyama, na chini ya daraja la Macclesfield, ambalo watu wa botini huwaonyesha wageni wao wote. Oktoba 1874 boti iliyobeba baruti na mafuta ililipuka chini yake, ikaua watu watatu na kulivunja daraja. Nguzo zake za chuma zilinusurika, zikasimikwa tena zikiwa zimegeuzwa. Ndiyo maana zina michubuko ya kamba za farasi pande mbili, ya kabla ya mlipuko na ya baada yake.

Camden ndiko zinakoanza loki 12 za kushukia Limehouse. Siku za mapumziko watalii hukalia boriti za milango, na mwenye boti hulazimika kuwaomba kwa upole wainuke. Uzoefu umeweka kanuni: funga mlango wa mbele na madirisha kabla ya kuingia loki, kwa sababu ukiwa juu unazungusha hendeli ya kufungulia maji, nyumba yako haina mtu. Anayebaki kwenye usukani haondoi jicho kwenye kizingiti cha zege kilichofichwa na maji nyuma ya boti. Maji yakishuka na tezi ikakikalia, omo itazama. Ndani ya loki hapana haraka wala aibu ya kupiga kelele, na mpita njia akisikia neno la kusimamisha maji huacha kila kitu na kwenda kusaidia. Adabu ya mwisho ni kuifikiria boti ijayo. Kama inaonekana inakuja, usimwage maji ambayo ingeyatumia, na ukiondoka milango iachwe imefungwa.

Mbele kidogo lipo handaki la Islington, lenye mita 878, bila njia ya miguu na lisilo na nafasi ya boti mbili kupishana. Zamani farasi alipandishwa na kupitishwa juu ya kilima, wachukuzi nao wakalala chali na kuisukuma boti kwa kukanyaga kuta kwa miguu. Handaki limenyooka, hivyo leo nahodha huchungulia kwanza. Akiona taa ndani, hungoja. Hakuna askari wala taa ya kuongoza, na desturi inatosha.

Karibu na bustani ya Victoria njia hugawanyika. Mmoja hukunja kushoto kuelekea mto Lee, kwenye vinamasi vya Walthamstow na vijiji vya kaskazini. Mwingine hushuka hadi Limehouse, penye mlango wa kutokea mto Thames. Huko maji hupwa na kujaa, na mawimbi ya vyombo vikubwa huirusha boti iliyoundwa kwa maji matulivu. Wanaokwenda hupanga saa na walinzi wa loki, huchukua redio ya mawasiliano, na mara nyingi hungoja wenzao wavuke pamoja.

Pa kulala hutazamwa kwa jicho jingine. Hatua ya kwanza ni kuangalia boti zilizopo. Moshi kwenye bomba, kuni juu ya paa, chungu cha maua na baiskeli ya mtoto ni dalili za watu wanaoishi pale. Boti moja yenye dirisha lililovunjwa, vipande vya kioo njiani au alama za moto ukingoni ni dalili za kuendelea na safari. Chini ya daraja hukwepwa, kwa sababu ndipo wasio na kazi wanapojikinga mvua. Anayerudi kazini usiku, hasa mwanamke anayeishi peke yake, huitembea kwanza njia ya kutoka kituoni ili aone taa zinaishia wapi. Habari za boti iliyovunjwa au mtu aliyeporwa ukingoni husambaa haraka kutoka kikundi cha simu hadi kikundi, kisha huthibitishwa kwa mdomo kwenye bomba la maji.

Kufunga nako kuna elimu yake. Vigingi vinatosha kijijini. Jijini wengi hupenda pete za chuma au minyororo inayopita ndani ya kingo za chuma, kwa kuwa kigingi huweza kung'olewa na mlevi anayetafuta kichekesho usiku wa manane. Kamba haivuki njia ya waendao kwa miguu. Kwenye mto huachiwa nafasi, maji yakishuka boti isining'inie. Hendeli, ndoo na baiskeli nzuri huingizwa ndani. Na ukikuta boti ya mtu inaelea bila kamba, unaivuta na kuifunga hata kama mwenyewe humjui.

Pasipo na nafasi ukingoni, boti hufungwa ubavuni mwa boti nyingine, na hapo ndipo adabu hupimwa kweli. Kukanyaga boti ya mtu bila idhini ni sawa na kuingia chumbani mwake. Mgeni huita kutoka ukingoni au kugonga ubavu wa boti, akajitambulisha, akasema atakaa siku ngapi na nani ataondoka kwanza. Huuliza apite upande gani akienda kwake, na usiku hupita akinyata. Mwenyeji anaweza kukataa, lakini akikataa bila sababu jina lake hufika loki inayofuata kabla yake. Wakikubaliana, kila mmoja amepata mlinzi: hatua ya kigeni juu ya paa moja husikika ndani ya boti zote mbili.

Hatari nyingine zimo ndani ya boti yenyewe. Jiko la makaa ya mawe lenye bomba lililoziba hutoa kaboni monoksidi, inayoua bila harufu, na tangu mwaka 2019 kengele ya kuitambua ni lazima. Injini haiendeshwi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, kwa heshima ya majirani wa majini na wa nchi kavu, ambao madirisha yao hupokea moshi wote. Boti ya kuuza dizeli, gesi na makaa hupita kila baada ya muda, na mchuuzi wake ndiye anayejua nani anaumwa na wapi kina kimepungua.

Sasa nafasi zinabana. Baadhi ya maegesho ya katikati ya jiji hukodishwa kwa usiku, na tangu Aprili 2024 wasafiri wasio na maegesho ya kudumu wameanza kutozwa ada ya ziada ya leseni inayopanda kila mwaka. Wasimamizi wana hoja: mifereji ni mikongwe, na kuitunza ni gharama. Mgeni anayeogopa jiji naye hufarijika akijua nafasi yake imehifadhiwa. Lakini nafasi iliyolipiwa humhakikishia mtu pete ya chuma tu. Haimfundishi kuita kabla ya kukanyaga, kungoja taa itoke handakini, wala kuifunga boti ya asiyemjua. Hayo hufundishwa na wakongwe, ambao wengi wao ni watu wa kipato kidogo. Ada ikiwashinda, wao ndio watakaotangulia kuuza boti, na kamera hata zikiongezwa ukingoni, hakuna kamera inayotoka usiku kwenye mvua kushika kamba ya jirani.