Kusi Inapofunga Bahari

Katika mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, na khasa katika kisiwa cha Unguja ambacho ndicho nikijuacho zaidi, mwaka hauhesabiwi kwa miezi ya mwandamo peke yake bali kwa pepo pia. Na katika pepo zote hapana itiayo haiba na hofu kama kusi ya kipupwe, ivumayo Juni na Julai, wakati bahari ya nje ya mwamba inapochafuka, na watu wakatoka majumbani alfajiri wamejitanda mashuka kwa ubaridi.

Kusi haiji ghafula. Huanza Aprili pamoja na masika, baada ya siku za maleleji, na wenye majahazi ya Arabuni na Bara Hindi walikuwa wakiiwahi kabla haijapata nguvu, kwani upepo huo huo utokao kusini-mashariki hapa petu, ukishavuka ikweta hugeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, ukawafikisha makwao. Aliyechelewa hakuwa na budi kungoja. Wanamaji wa Kiarabu, tangu zama za Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walisema kwamba bahari imefungwa, na kauli hiyo ilikuwa hukumu: nahodha mwenye akili hakutweka tanga mpaka demani, upepo ulipopoa.

Wala kufungwa kwa bahari hakukuwa kukaa bure. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, kikatiwa magadi ubavuni kisilale. Mafundi wakaziba nyufa zake kwa kalafati za pamba, kisha mbao za chini zikapakwa deheni ya shahamu na chokaa, iwazuiayo wadudu wa baharini wasizitoboe, na za juu zikapakwa sifa ya papa, ambayo harufu yake ilienea mtaa mzima na hapana aliyenung'unika, maana ilikuwa harufu ya riziki. Wanawake nao waliyafukua makumbi waliyoyafukia ufuoni tangu miezi iliyopita, wakayaponda, na usumba wake ukasokotwa kamba. Nadhani hapo ndipo elimu ya bahari ilipokuwa ikirithiwa kwa kweli, kwa sababu safarini kijana hutii amri tu, ilhali pwani hupata nafasi ya kumwuliza fundi sababu ya kila ubao na kila mshono wa tanga.

Mvuvi wa ngalawa hakuacha kazi. Alirudi ndani ya mwamba akatega madema yake penye maji matulivu. Majumbani waliliwa papa wakavu walioletwa na majahazi ya kaskazi.

Na ni katika kipupwe hiki, mwezi wa Julai, ndipo Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu ya Nairuzi yenye asili ya Uajemi, ambapo wanaume hupigana kwa magome ya migomba ili kuondosha uhasama wa mwaka uliopita, na kibanda cha makuti hutiwa moto, wazee wakatazama moshi unakoelekea. Wako waiitao ushirikina; mimi naona ni jambo la kutarajiwa kwamba watu walioishi kwa pepo wautazame upepo hata katika furaha yao.

Tangu kuja kwa mashine, wengi hudhani kwamba bahari haifungwi tena. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa, na roho nyingi zikapotea. Mwezi ule, wallahi, wazee wetu wangeujua bila ya kuambiwa. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza tahadhari ya upepo na mawimbi kabla ya dhoruba kufika, nayo ni neema kubwa. Lakini tangazo husikika redioni, na chombo kikatoka vile vile kwa kuwa abiria wamekwisha lipa nauli. Ningependa tahadhari hiyo, ikishatamkwa, iwe na nguvu bandarini kama ilivyokuwa kauli ya nahodha: abiria warejeshewe nauli zao, nanga ising'olewe, mpaka kusi ipoe.