Je, Wajua? Mboji Katika Mji wa Shaba

Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, haijulikani kwa mboga. Watu wa mbali wakiutaja mji huu hutaja shaba, kobalti na viwanda vya Shituru, au Shinkolobwe, mgodi wa jirani uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Lakini mtu wa Likasi hula bukari, yaani ugali, na bukari haishuki bila mboga: sombe, lengalenga, matembele, kibwabwa. Nyingi hulimwa papa hapa, nyuma ya nyumba na kwenye mabonde yenye maji. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, na tangu nianze kusoma kilimo hai, yaani kile kisichotegemea mbolea wala dawa za kiwandani, nimeona kwamba kanuni nyingi za vitabuni zikifika hapa kwetu zinaongezewa swali moja: udongo huu umetoka wapi? Haya ni baadhi ya niliyoyakusanya.

Je, wajua kwamba mchwa walianza kutengeneza mboji kabla ya binadamu kushika jembe? Vile vichuguu virefu kuliko nyumba tunavyovipita kila siku ni kazi ya mchwa aitwaye Macrotermes falciger. Hukusanya nyasi, majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, kisha hujenga navyo masega ndani ya kichuguu na kuotesha juu yake kuvu ya jamii ya Termitomyces. Kuvu hiyo huvunja ile sehemu ngumu ya mti ambayo tumbo la mchwa haliiwezi, na sega likiiva mchwa hulila. Wanasayansi wanakadiria kwamba ukulima huo wa mchwa ulianza miaka milioni 30 hivi iliyopita. Mvua zikianza, kuvu hiyo huchomoza nje ikiwa uyoga. Mmoja wa jamii hiyo, Termitomyces titanicus, kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja, na hakuna uyoga wa kuliwa unaoushinda kwa ukubwa.

Vichuguu vyenyewe ni wazee. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kupima umri wa vichuguu vya Katanga kwa kutumia kaboni. Kimoja, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kilikutwa na zaidi ya miaka 2,000. Kwa mkulima, kilicho muhimu ni kilichomo ndani. Udongo wetu mwekundu una asidi, maana mvua za miaka na miaka zimeusuuza rutuba. Ndani ya kichuguu mambo ni kinyume: kalisi hujikusanya humo hadi kufanya chembe za chokaa. Ndiyo sababu wakulima hukibomoa kichuguu, wakakiponda na kumwaga udongo wake kwenye matuta. Bahati mbaya, fundi wa matofali naye anautaka udongo huo huo, na mara nyingi ndiye anayeshinda, kwa kuwa tofali hulipwa wiki hii na mboga hulipwa mwezi ujao.

Je, wajua kwamba lundo la mboji hujipasha moto lenyewe? Halihitaji jua. Bakteria wakila mabaki ya mimea hutoa joto, na lundo lililopangwa vizuri hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati. Joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Siri iko kwenye mchanganyiko: kwa kila sehemu moja ya naitrojeni ziwepo sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Kwa lugha ya uani, vitu vikavu kama mabua ya mahindi na majani ya miombo viwe vingi, na vitu vibichi kama majani ya muhogo, maganda ya ndizi na samadi ya kuku viwe vichache.

Kipimajoto si lazima. Chomeka fimbo hadi katikati ya lundo, iache kwa dakika kadhaa, kisha ichomoe na uishike upande uliokuwa ndani. Ikikuchoma kiganja, lundo liko kazini. Ikiwa vuguvugu na inanuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana: lipindue, uongeze mabua. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji. Unyevu nao hupimwa kwa ngumi. Kamata mboji, ikamue. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha.

Njia hii ya kujenga lundo kwa kupanga vikavu na vibichi matabaka matabaka ilienezwa duniani na Albert Howard, Mwingereza aliyefanya utafiti Indore, India, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mengi alijifunza kwa wakulima wa India. Katika miaka ya 1930 njia ya Indore ilikwisha kufika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya.

Je, wajua kwamba samadi mbichi ya kuku haiendani na lengalenga? Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 zipite kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Lengalenga huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Hesabu haikubali. Samadi hiyo hiyo ikipitia lundo lenye nyuzi 55 kwa siku 15, likapinduliwa walau mara tano, kanuni hizo zinairuhusu bila kungoja. Naona hili peke yake lingetosha kumshawishi mkulima wa mjini awe na lundo, hata kama habari za mazingira hazimgusi.

Je, wajua kwamba kuna ua linalotangaza shaba? Linaitwa Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa ukoo mmoja na rehani, wenye maua ya zambarau-buluu. Hupenda udongo wenye shaba nyingi, hasa uliochimbuliwa. Mahali ambapo wahunzi wa zamani waliyeyusha shaba, ile iliyotengeneza misalaba iliyotumika kama fedha katika Katanga, mmea huu bado huota kwa wingi karne nyingi baadaye, na wachunguzi wa mambo ya kale wameufuata hadi kwenye mabaki ya matanuri. Ukiuona umejaa uani kwako, usiung'oe ukapanda mboga mahali pake. Umeshapewa majibu ya maabara bila kulipa.

Je, wajua kwamba kilimo hai kinaruhusu shaba? Mwaka 1885 Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet alitangaza mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa kuwa dawa ya ukungu wa mizabibu. Mpaka leo wakulima wa kilimo hai huko Ulaya hunyunyiza dawa za shaba, ila Umoja wa Ulaya umewawekea mpaka: wasizidishe kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka saba, kwa sababu shaba hubaki udongoni. Wao wanaihesabu kilo kwa kilo. Kwetu iliingia kwa vumbi na moshi wa viwanda, na hakuna aliyesimama na mizani.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza. Je, wajua kwamba metali haiozi? Dawa nyingi za wadudu huvunjika baada ya muda. Maganda, majani na mizoga huisha. Shaba, kobalti, risasi na kadimiamu havina pa kwenda. Tena lundo laweza kuvikoleza: kilo 100 za majani yenye vumbi la mgodi zikioza hadi zikabaki kilo 50, kaboni imepaa hewani ikiwa gesi, lakini metali ni ile ile, sasa imo ndani ya nusu ya uzito. Kwa hiyo majani yaliyofagiwa kando ya barabara ya malori ya madini si mali ya bure. Ni mzigo unaoletewa nyumbani.

Si woga mtupu. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Kiwango cha kobalti walichokikuta kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda kilikuwa cha juu kuliko kilichowahi kuripotiwa popote kwa wananchi wa kawaida. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2014, ulionyesha kuwa chakula kilicholimwa papo hapo ni njia kubwa ya kobalti kuingia mwilini, na kwa watoto vumbi nalo lina sehemu yake.

Je, basi tuache kulima? Hapana, na hapa mboji inarudi kwa sura nyingine. Mboji iliyoiva hushikilia shaba kwa nguvu, hivyo mizizi huipata kidogo. Udongo ukipunguzwa asidi, kwa chokaa, kwa udongo wa kichuguu au kwa majivu safi ya makala, metali nyingi hupungua kuyeyuka na mmea hunyonya kidogo zaidi. Hilo halisafishi udongo. Metali imefungwa tu, na mwenye bustani akiacha kuutunza udongo, asidi hurudi na kuifungua. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia watu wakiuza mboga kwa kusema "hii ni ya asili, haina dawa", kana kwamba hilo linamaliza mjadala. Katika mji wenye viwanda vya kuyeyusha madini, mboga yaweza kuwa haijaona dawa hata tone na bado isifae.

Mimea nayo haifanani. Kwa kawaida majani hukusanya metali kuliko matunda na nafaka, hivyo kwenye kiwanja chenye mashaka nyanya au mahindi ni afadhali kuliko lengalenga. Sehemu ya metali iliyo kwenye mboga za majani ni vumbi lililotua juu tu, na hilo huondoka kwa kuosha mara mbili tatu kwa maji safi kabla ya kukatakata.

Msimu wa mvua kwetu huanza mwezi wa Novemba, na lundo huchukua miezi miwili hadi minne kuiva. Basi, msomaji, anza lako mwezi wa Julai. Lijenge kwa mabaki ya jikoni kwako na mabua ya shamba unalolijua. Jirani akikuletea gunia la majani, mpokee kwa shukrani, kisha umwulize ameyafagia wapi. Akisema kando ya barabara ya malori, mrudishie.