Sayansi ya Kugeuza Nguo Kuukuu

Nguo haichakai yote kwa wakati mmoja. Shati hulika ukosi na viwiko ilhali mgongo wake ungali mzima. Suruali hutoboka magoti, lakini nyuma ya miguu kitambaa kingali imara. Akina mama walilifahamu jambo hili zamani: kanga iliyochakaa haitupwi, bali huwa mbeleko, kisha nepi, na mwishowe tambara la kupigia deki. Katika makala haya tutaeleza misingi ya kisayansi inayomwongoza mtu anayetaka kushona kitu kipya kutokana na nguo kuukuu. Tutaonyesha pia kwamba kukosea katika kuchagua kitambaa huweza kuleta si hasara tu, bali hata majeraha.

Kwa nini kitambaa huchakaa

Pamba ni selulosi, yaani molekuli ndefu mithili ya minyororo yenye maelfu ya pingili. Msuguano hukata nyuzinyuzi za kitambaa moja baada ya nyingine. Mwanga wa jua, hasa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huikata minyororo yenyewe. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu nguo iliyoanikwa juani kila siku huweza kuonekana nzima, kumbe imekwisha nguvu.

Basi, kabla ya kukata, kitambaa kishikwe mbele ya mwanga: mahali palipochujuka patapitisha mwanga mwingi zaidi. Kisha kivutwe kwa nguvu baina ya vidole gumba viwili. Kikilia na kuachana, sehemu hiyo haifai kuwa nguo tena.

Kutambua nyuzi

Tangu kale binadamu alivaa nyuzi za mimea na wanyama: pamba, kitani, sufu na hariri. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake huko Marekani waliunda nailoni, na mwaka 1941 Whinfield na Dickson wa Uingereza waliunda poliesta. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Kwa hiyo katika rundo moja la mitumba mna nyuzi za kila aina, na lebo mara nyingi imekatwa au kufutika.

Jaribio la moto huondoa shaka. Lifanyike mbele ya mwalimu, juu ya sahani yenye mchanga. Chomoa nyuzi chache zenye urefu wa sentimeta 3, uzishike kwa koleo, uzisogeze kwenye mwali wa mshumaa. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini. Karatasi nayo ni selulosi. Sufu huwaka polepole na kunuka kama nywele, kwa kuwa zote mbili ni protini iitwayo keratini. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka, na zikipoa huacha kidonge kigumu. Ukipata jivu lenye vidonge vigumu ndani yake, kitambaa hicho ni mchanganyiko.

Kila kitambaa na kazi yake

Hapa ndipo penye hatari. Poliesta huyeyuka katika digrii 260 hivi za Sentigredi, na majimaji yake hunata kwenye ngozi huku yakiendelea kuunguza. Vishikio vya sufuria vishonwe kwa pamba au sufu, tabaka kadhaa, kwani hewa iliyonaswa baina ya matabaka huzuia joto. Tena viwe vikavu: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Lakini pamba nayo hushika moto upesi. Kwa hiyo gauni la mtoto anayecheza karibu na jiko lisiwe na mikono mipana inayopepea.

Nepi na taulo za hedhi nazo zahitaji pamba. Katika hewa ya kawaida ya maabara pamba hubeba maji yapatayo asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, ambapo poliesta hubeba asilimia 0.4 tu. Poliesta nayo ina sifa zake: ni imara na hukauka haraka, hivyo yafaa kwa mikoba ya vitabu.

Mtande na mshindio

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa jora, na za mshindio, zinazozikata kwa upana. Kwa kawaida upande wa mtande hunyumbuka kidogo kuliko wa mshindio. Kikivutwa kwa mshazari, kitambaa hunyumbuka sana, kwa maana vijiraba vilivyo baina ya nyuzi hubadilika umbo na kuwa kama rombasi. Sketi iliyokatwa bila kujali jambo hili hupinda na kuning'inia upande mmoja. Fulana ni tofauti: imefumwa kwa vitanzi, hivyo hunyumbuka pande zote.

Kukata na kushona

Nguo ifuliwe, ifumuliwe mishono, na kupigwa pasi. Matundu ya mshono wa zamani yabaki nje ya mshono mpya, maana hapo pamedhoofika. Hatua za cherehani zisiwe fupi mno. Matundu yaliyosongamana hukifanya kitambaa kichanike kama karatasi ya stempu. Aidha, pamba kuukuu imekwisha kurudi kwa kufuliwa mara nyingi. Ukiiunganisha na bitana mpya, uifue kwanza bitana hiyo, la sivyo itarudi baadaye na kuikunjamanisha nguo yote.

Zoezi kwa wanafunzi

Kutoka mgongo wa shati moja la pamba, kata vipande viwili kwa kufuata mtande, kila kimoja upana wa sentimeta 1 na urefu wa sentimeta 20: kimoja karibu na bega, kingine sehemu ya chini inayochomekwa ndani ya suruali. Ning'iniza ndoo kwenye kila kipande, sentimeta chache tu juu ya sakafu, na umimine maji polepole mpaka kikatike. Lita 1 ya maji ina kilo 1. Ongeza uzito wa ndoo. Linganisha matokeo, kisha ueleze: ni kipande kipi ungekitumia kushonea mfuko, na kwa nini?