Meli Kuukuu, Kontena Kuukuu na Maduka ya Nyakuron

Duka la kontena mtaani Nyakuron, Juba, hutambulika hata likipakwa rangi gani. Mlangoni hubaki kibamba cha kiwandani kinachotaja mwezi na mwaka wa kuundwa pamoja na uzito wa juu unaoruhusiwa. Ubavuni fundi wa kuchomelea amekata dirisha la kuuzia, na juu kumeongezwa paa la mabati, la sivyo jua la Juba lingemchoma muuzaji akiwa hai.

Kontena hutarajiwa kufanya kazi baharini miaka kumi na kitu. Meli ndogo inayolibeba, kama miaka 25. Hayo ni makisio ya makaratasi tu. Kinachoamua hasa ni nauli, wala si kutu.

Kila baada ya miaka 5 meli hupandishwa chelezo kwa ukaguzi mkubwa. Mabamba ya tumbo hupimwa unene, yaliyoliwa yakakatwa na kubadilishwa. Bili hupanda kadiri chombo kinavyozeeka, na hapo mwenye meli hupiga hesabu: aitengeneze, au aiuze Alang, India, au Chattogram, Bangladesh, inakonunuliwa kwa tani kama chuma chakavu? Nauli ikishuka, meli hukatwa hata kama injini ni nzima. Nauli ilipopaa mwaka 2021, na tena mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa kuhofia mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, vikongwe vingi viliongezewa maisha. Viwanda vya kuunda meli navyo hupenda zaidi oda za majitu ya kubeba maelfu ya makontena. Bandari ndogo haina la kufanya na jitu hilo. Inahitaji meli ya kina kifupi yenye kreni zake sitahani, hata iwe imechoka.

Barani mambo ni yaleyale. MV Uhuru, iliyoundwa Scotland miaka ya 1960 kubeba mabehewa Ziwa Victoria, ilisimama zaidi ya miaka kumi, kisha 2019 ikarudishwa kazini Kisumu. Kuifufua kulikuwa nafuu kuliko kuagiza mpya.

Mzigo wa Nyakuron wenyewe hushukia Mombasa, ukapita Malaba, Gulu na Elegu hadi Nimule, na kumalizia kilomita 192 za lami iliyokamilika 2012. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Kurudi ndiko kugumu. Mafuta ya Sudan Kusini hutoka kwa bomba hadi Port Sudan, na bidhaa nyingine za kuuza nje ni chache, basi kontena hurejea pwani tupu huku siku za kuchelewa zikihesabiwa kwa dola. Wengine hukwepa gharama hiyo kwa kuhamishia bidhaa kwenye lori la turubai zikiwa bado njiani.

Ndiyo maana kontena lililokwisha nunuliwa kabisa halirudi. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 uliomaliza vita vya Sudan, hata hoteli za kando ya Nile zilifunguliwa ndani ya masanduku haya. Bei yake Juba imebeba nauli ya lori, lakini saruji ya Uganda nayo imelipiwa njia hiyohiyo, na ukuta wa matofali hauhamishiki. Mwenye kiwanja akibadili nia, mpangaji wa kontena hukodi lori lenye kreni na kuondoka na duka lake, rafu zikiwemo.